Kompresa kwa Vokali: Mwongozo Kamili kwa Aliyechoka na Sauti Inayozama na Kuruka

Kila wiki naletewa nyimbo nizisikize, kutoka Kisauni, Likoni, Mtwapa, Magongo, na nyingi zina ugonjwa ule ule. Ubeti wa kwanza sauti imezama chini ya kiki (ile ngoma nzito), korasi ikifika inakuchoma masikio, halafu msanii akinyamaza kidogo wasikia feni inapanda kama upepo wa kusi. Ukimuuliza mwenyewe ankwambia "lakini kompresa nimeweka." Sasa hapo ndipo penye shida, manake ameweka priseti (mpangilio uliokuja tayari) iliyoandikwa vokali, yaani sauti ya mwimbaji, ikamtolea sauti kubwa zaidi, akafurahi akaenda zake.

Nshaeleza haya kwa mdomo mara nyingi mpaka nimechoka, kwa hivyo leo nayaandika yote mpaka mwisho. Usiruke hatua ya 3 na ya 6. Wanaofeli hufeli hapo, si kwa plagini (vile vijiprogramu vya kutengeneza sauti).

(Na kompresa hapa ni plagini ya kubana sauti, si ile ya friji wala ya fundi wa pancha, ingawa zote kazi yao ni kubana.)

## Vitu unavyohitaji

Programu yoyote ya kurekodi unayoijua. Reaper, FL Studio, Cubase, haina neno. Kama huna kitu, Reaper waweza kuijaribu siku 60 ikiwa kamili.

Kompresa inayoonyesha threshodi, resho, ataki, rilisi, na mita ya kuonyesha desibeli ngapi zinapunguzwa. ReaComp iliyo ndani ya Reaper yatosha. Kwenye FL tumia Fruity Limiter upande wa COMP. TDR Kotelnikov nayo ina toleo la bure na ni safi sana. Zile plagini za nobu moja kubwa ziweke kando kwanza, si mbaya, ila hazikufundishi kitu.

Plagini ya EQ, ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu, na diesa, yaani ya kupunguza zile "sss" na "shhh".

Hedifoni za waya. Za bluutuuthi huchelewa, unageuza nobu sasa, mabadiliko wayasikia baadaye kidogo, utajichanganya.

Simu yako na kispika kidogo chochote, vya kupimia mwisho.

Na vokali kavu, WAV ya 24 biti, bila rivabu (ule mwangwi). Ukitumiwa kwa WhatsApp mwambie akutumie kama dokumenti, si kama odio ya kawaida. Huko kubana faili ni jambo lingine kabisa, kunapunguza ukubwa wa faili na sauti inaharibika, usichanganye na hii kazi yetu.

Karatasi na kalamu pia. Sitanii.

## Kabla hujagusa nobu: hesabu moja tu

Threshodi ni mpaka. Sauti ikiwa chini ya mpaka, kompresa haina habari nayo. Ikivuka, inabanwa. Resho yasema inabanwa kiasi gani.

Chukua threshodi ya -20 dB (yaani desibeli, na kwenye kompyuta 0 ndio juu kabisa) na resho ya 4:1. Msanii anong'ona kwa -26, kompresa imelala. Apige ukelele unaofika -8, amevuka mpaka kwa 12 dB. Kwa resho ya 4:1, kila 4 dB zilizovuka zinatoka 1, kwa hivyo 12 zinakuwa 3, na sauti inatoka kwa -17. Mita itakuonyesha 9 dB zimepunguzwa.

Mnong'ono na ukelele vilikuwa mbali kwa 18 dB, sasa viko mbali kwa 9. Hiyo ndio kompresa, basi.

Lakini angalia. Baada ya kubana, sauti yote imeshuka, sasa utaongeza geini, yaani ukubwa wa sauti, 9 dB kurudisha pale ilipokuwa. Ukelele umerudi -8, mnong'ono umepanda mpaka -17, vizuri. Na feni iliyokuwa inavuma kwa -60 nayo imepanda hadi -51. Kunguru wa dirishani vilevile. Kompresa haijui lipi neno lipi kunguru, yajua kubwa na ndogo tu.

Ataki ni muda inaochukua kuanza kubana sawasawa baada ya sauti kuvuka. Rilisi ni muda wa kuachilia. Zote huhesabiwa kwa milisekunde (ms).

## Hatua ya 1: Skiza bila kompresa, andika

Weka vokali na biti (ala za wimbo), zima plagini zote, weka feda ya vokali, kile kitelezi cha ukubwa, mahali pamoja usiiguse tena mpaka hatua ya 9. Cheza wimbo mwanzo mpaka mwisho. Kila neno linalozama liandike na dakika yake, kila neno linaloruka liandike.

Sababu ni kwamba kompresa ni dawa, na dawa hupewi kabla ya kusema waumwa wapi. Wengine nimewakuta wanabana vokali iliyotulia yenyewe, msanii anajua maiki, anasogea nyuma akipaza, hakuna cha kurekebisha pale zaidi ya 2 dB.

Umefaulu ukiwa na karatasi yenye sehemu kama sita au kumi hivi. Ukiwa na thelathini, rudi urekodi, wallahi utaokoa muda.

## Hatua ya 2: Safisha

Kata sehemu zote ambazo haimbi. Kila ukikata weka fedi fupi (sauti iingie na itoke taratibu) mwanzo na mwisho, 5 au 10 ms, usisikie "tak".

Kisha EQ, ondoa sauti za chini kabisa. Kwa mwanamume anza 80 Hz, kwa mwanamke 100 mpaka 120. Panda polepole, sauti ikianza kuwa nyembamba rudi kidogo.

Kwa nini hii ije kabla ya kompresa? Kwa sababu ule mpulizo wa "p" na "b" una nguvu nyingi huko chini, sikio halijali sana lakini kompresa inaushtukia na kubana neno zima. Na sisi wa hapa Mombasa ndio zaidi. Kimvita kina "p" ya pumzi, ndio maana mtu wa Mji wa Kale akisema paa wa porini na paa la nyumba hayatoki sawa, yule wa porini anakuja na hewa. Mrekodi mtu kama huyo karibu na maiki bila kitambaa cha kuzuia pumzi uone sindano ya kompresa inavyoruka. Ikibidi, kata ile "p" peke yake uishushe 6 dB kwa mkono.

Feni pia. Najua joto la hapa, mwezi wa pili ndani ya chumba kilichofungwa na magodoro ukutani mtu anaweza kuzimia. Mimi humwambia msanii aimbe feni imezimwa ubeti mmoja, kisha tunaiwasha tunapumzika. Kelele ambayo haikuingia kwenye maiki haihitaji kutolewa.

Umefaulu ukicheza vokali peke yake na katikati ya mistari pametulia, na hakuna "puu" ya pumzi.

## Hatua ya 3: Sawazisha kwa mkono kwanza

Hii ndio watu hawaitaki kwa sababu inachosha, na hii ndio nusu ya kazi.

Kata vokali vipande vipande, mstari kwa mstari, na mahali pengine neno kwa neno. Kilichozama kipandishe 2 mpaka 4 dB, kilichoruka kishushe vivyo hivyo. Kwenye Reaper wabonyeza S kukata, kisha wavuta ukingo wa juu wa kipande. Kama programu yako haina njia rahisi, weka plagini ya geini tupu mbele ya kompresa na uichoree otomesheni, yaani mstari wa kuipandisha na kuishusha yenyewe wimbo ukicheza.

Sikiza vizuri hapa: usitumie feda. Feda iko baada ya plagini, kwa hivyo ukiishusha kompresa inakuwa tayari imeshabana. Sauti yataka kusawazishwa kabla haijaingia.

Sababu ni threshodi. Ni moja tu kwa wimbo mzima. Kama ubeti wa kwanza ulirekodiwa msanii ameegemea kiti na wa pili amekaribia maiki, threshodi itakayofaa wa pili haitagusa wa kwanza, na itakayofaa wa kwanza itamnyonga wa pili. Utazunguka na hizo nobu usiku kucha mpaka uadhiniwe alfajiri na hutapata, kwa sababu jibu haliko kwenye nobu.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa na kijana anaimba kaswida bila ala, sauti nzuri mno, akianza chini kabisa na kupanda. Mimi nikaona njia ya mkato, nikaweka resho 10:1 nikashusha threshodi mpaka kila kitu kikawa sawa. Nyumbani kwa hedifoni nikaona tayari. Ikaenda kuchezwa kwa spika kubwa mbele ya watu, kila akipumzika feni ya chumbani kwangu inavuma ukumbi mzima, akianza tena inakatika. Mzee mmoja akauliza hiyo pampu ya maji ni ya nini.

Lenga wastani wa sauti uwe karibu -18 dB na vilele visipite -10 au -8. Usitake viwe sawasawa kabisa, korasi bado iwe juu ya ubeti kidogo.

Pumzi za msanii usizifute, zishushe kama 6 dB. Ukizifuta mtu anaanza kusikika kama mashine ya benki.

Wimbo wa dakika tatu yaweza kukuchukua nusu saa. Umefaulu ukizima skrini, ukiskiza na biti, na yale maneno ya kwenye karatasi zaidi ya nusu yamejitengeneza yenyewe, na bado hujafungua kompresa.

## Hatua ya 4: Kompresa ya kwanza, ya kukamata vilele

Tutatumia mbili nyepesi badala ya moja nzito. Moja ikilazimishwa kupunguza 10 dB utaisikia inafanya kazi. Mbili zikigawana, kila moja haijachoka, na wewe huzisikii.

Ya kwanza ni ya haraka. Anza hivi:

Resho 4:1. Ataki 1 mpaka 3 ms. Rilisi 40 mpaka 60 ms. Mekapu geini (ile ya kurudisha ukubwa baada ya kubana) sifuri kwa sasa, na kama ina mekapu ya otomatiki, izime.

Threshodi ianzie juu kabisa, kisha ishushe polepole huku unaangalia mita. Wataka sindano iguse 2 mpaka 4 dB kwenye yale maneno yanayoruka tu. Mstari wa kawaida sindano ikae sifuri. Ikicheza kila wakati umeshuka sana, panda.

Onyo hapa. Usipeleke rilisi chini sana ukidhani haraka zaidi ndio bora. Sauti nzito ya mwanamume, tuseme ya 100 Hz, wimbi moja huchukua 10 ms. Ukiweka rilisi ya 5 ms na ataki ya chini ya 1, kompresa inaanza kufuata wimbi lenyewe badala ya neno, na utasikia mkwaruzo kama spika iliyopasuka. Wengi hulaumu maiki.

Wale mnaopenda plagini zilizoigwa kutoka 1176, ile kompresa ya zamani ya chuma, kumbukeni ile nobu yake ya ataki imegeuzwa, ukizungusha kulia ndio inakuwa haraka. Na hata ikiwa polepole kabisa bado ni chini ya 1 ms. Ni nzuri kwa kazi hii ya vilele, lakini usitegemee nambari zangu, tumia mita na masikio.

Umefaulu ukizima na kuwasha huoni tofauti kubwa, ila zile "HEY" na "AAH" hazikushtui tena.

## Hatua ya 5: Kompresa ya pili, ya kushikilia

Hii ndio inayofanya sauti ikae mbele na itulie. Iweke baada ya ile ya kwanza.

Resho 2:1 au 3:1. Ataki 15 mpaka 30 ms. Rilisi 100 mpaka 250 ms. Kama ina goti, lifanye laini, ianze kubana taratibu kabla ya mpaka.

Shusha threshodi mpaka sindano icheze 3 mpaka 5 dB karibu kila mstari, na irudi sifuri msanii akinyamaza. Hiyo ya kurudi sifuri ni muhimu. Sindano iliyokwama kwenye 6 dB wimbo mzima haisawazishi kitu, imekuwa feda ya bei ghali.

Sasa ataki na rilisi utazichaguaje? Kwa nambari tu huwezi, kwa hivyo fanya ujanja huu. Iharibu makusudi. Peleka resho 8:1, shusha threshodi mpaka mita isome 12 dB au zaidi. Sauti itakuwa mbaya, usijali.

Anza na ataki. Iweke 1 ms, usikie herufi za mwanzo, "k", "t", "ch", zimemezwa, neno "kitu" linakuwa kama "hitu". Panda polepole. Kuna mahali zile herufi zinarudi na sauti inachangamka. Ukipita sana zinaanza kuchoma, kila neno linakuja na kofi. Rudi nyuma kidogo, acha hapo.

Kisha rilisi. Ikiwa fupi mno utasikia pumzi zinapanda kati ya maneno, sauti inahema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa lifti ikiwa mbovu. Ikiwa ndefu mno, neno kubwa moja linazamisha maneno matatu yanayofuata. Tafuta katikati, sindano icheze na wimbo kama mtu anayetikisa kichwa.

Ukitaka pa kuanzia kwa hesabu, gawanya 60,000 kwa BPM, yaani mapigo kwa dakika. Wimbo wa 100 BPM, pigo moja ni 600 ms, robo yake ni 150. Anza na 150 kisha masikio yaamue.

Ukishapata, rudisha resho 2:1 au 3:1 na upandishe threshodi mpaka 3 hadi 5 dB. Vile ataki na rilisi viache.

### Aina ya wimbo

Nambari zile ni za bongo, afrobiti, na nyimbo za kawaida za mapenzi. Rapu na drili zinavumilia zaidi, kompresa ya pili yaweza kufika 4:1 na kupunguza 6 au 7 dB, ataki fupi kidogo, kwa sababu kila silabi yataka isikike juu ya ngoma nzito.

Taarabu ni kinyume. Skiza Juma Bhalo, ule mpando na mshuko wa sauti ndio wimbo wenyewe, ukiubana umebaki na maneno tu. Hapo mimi hutumia 2:1, 2 dB au 3 basi, ataki ya 30 na goti laini, kazi kubwa naimaliza hatua ya 3. Bango, ule muziki wetu wa pwani, pia yataka mkono mwepesi, sauti huelea juu ya magita na saksofoni na haina vita na mtu. Kaswida bila ala ndio nyepesi kuliko zote, manake hakuna biti ya kuficha makosa yako (nshakwambia ya pampu ya maji).

## Hatua ya 6: Linganisha ukubwa, au utadanganyika

Masikio ya binadamu yana udhaifu mmoja, kitu kikubwa kidogo hukiona kizuri. Hata 1 dB inatosha kukudanganya. Priseti nyingi zinakuja na geini imeshaongezwa, kwa hivyo ukiwasha tu sauti inaruka na wewe wasema "eee hiyo!", kumbe hukupenda kubana, umependa kelele.

Fanya hivi. Ukimaliza kila kompresa, cheza mstari mmoja, washa na uzime. Ongeza mekapu geini mpaka iliyowashwa na iliyozimwa ziwe na ukubwa sawa kwa sikio. Kwa kawaida utaongeza kidogo kuliko mita inavyosoma, mita ikisema 4 huenda ukaongeza 2 au 3. Kama una mita ya LUFS (inayopima ukubwa kama sikio linavyousikia) itumie, lakini si lazima.

Kisha fumba macho, mwambie mtu akubonyezee baipasi, kitufe cha kuizima na kuiwasha plagini, bila kukwambia. Mdogo wako, mpangaji mwenzako, yeyote. Ukishindwa kujua ipi imewashwa, kubana ni kudogo au hakukuhitajika. Ukijua kwa sababu maneno yametulia, sawa kabisa. Ukijua kwa sababu sauti imekuwa bapa na imechoka, rudi, umezidisha.

Nilipoanza kufanya hivi nilirudi nyuma karibu kila kazi. Zamani nilikuwa nabana 12 dB nikijivunia.

## Hatua ya 7: Diesa na EQ ya kupamba

Ukibana vizuri "s" na "sh" zitajitokeza, kwa sababu ni ndogo kwa nguvu, kompresa haizigusi, halafu mekapu geini inazipandisha. Na Kiswahili chetu kimejaa hizo, jaribu msanii aimbe "sishangai ushanisahau" uone.

Weka diesa baada ya kompresa ya pili, itafute kati ya 5 na 8 kHz, ipunguze 3 mpaka 5 dB kwenye "s" peke yake. Ikizidi, msanii anakuwa na kithembe. Ikigoma, rudi kwenye vipande uishushe ile "s" kwa mkono, hakuna plagini inayoshinda mkono.

EQ ya kukata iwe kabla ya kompresa, ya kuongeza iwe baada. Ukiongeza mng'ao kabla, kompresa inaushtukia na kuubana, mnaanza kuvutana.

## Hatua ya 8: Sauti za nyuma na adilibu

Hapa sitakaa sana. Sauti za nyuma zikusanye zote kwenye basi moja, yaani chaneli ya pamoja, kisha zibane zaidi ya sauti kuu, 4:1, 6 mpaka 8 dB, ataki fupi ya 3 hadi 5 ms ili zile "k" na "t" zisigongane. Zikae nyuma kama pazia. Adilibu, vile vinjonjo vya pembeni, zipe traki yake.

Kuna na ule mtindo wa kubana kwa pembeni, yaani kopi ya vokali iliyobanwa vibaya sana, 10:1 na zaidi ya 10 dB, kisha unaiingiza chini ya ile safi kidogo kidogo. Ni mzuri sauti ikiwa nyembamba. Kama hatua za juu zimekaa sawa wala huuhitaji.

## Hatua ya 9: Sasa ndio feda

Cheza na biti na upitishe otomesheni ya feda, 1 dB hapa, 2 dB pale. Mwisho wa mistari ndio hupotea zaidi, msanii pumzi imeisha na neno la mwisho ndilo lenye vina. Lipandishe. Korasi ikiingia ipe vokali 1 dB, kwa sababu biti nayo inaongezeka.

Kama kinanda au gita linagombana na sauti, weka kompresa kwenye hicho chombo isikilize vokali, ikishushe 1 au 2 dB msanii akiimba. Sauti inapata nafasi bila ya kuongezwa.

## Hatua ya 10: Toa nje ya hedifoni

Shusha volyumu mpaka wimbo usikike kwa mbali, karibu kuzima. Kila neno bado wasikia? Umefaulu. Kama wasikia kiki na haihati (lile tasa la "tsi tsi") tu, rudi hatua ya 9, kwanza jaribu kupandisha feda kabla hujakimbilia kompresa.

Kisha simu, spika yake yenyewe. Kisha kispika kidogo uende nacho jikoni ukiache kicheze mtu anakaanga, ukiyapata maneno juu ya mafuta yanayochemka uko sawa. Matatu ya Bamburi mwenye beesi ya kutikisa vioo ni mtihani mzuri pia, kama makanga wamjua na atakuchezea.

## Ukisikia hivi, angalia hapa

Sauti imekuwa nyuma na haina uhai: ataki ya kompresa ya pili ni fupi mno. Ongeza mpaka herufi zirudi.

Pumzi ni kubwa kuliko maneno: umebana sana au rilisi ni fupi. Na hukushusha pumzi hatua ya 3.

Neno la kwanza la kila mstari linaruka kisha mengine yanatulia: ataki ya kompresa ya kwanza ni ndefu, au lile neno lishushwe kwa mkono.

Mkwaruzo kwenye sauti nzito: rilisi ya kompresa ya kwanza, ipandishe. Kama bado uko, sikiliza vokali kavu, labda ilipasuka wakati wa kurekodi, na iliyopasuka haitibiki kwa kompresa yoyote.

Ubeti mmoja ni sawa, mwingine umekufa: hukusawazisha. Hatua ya 3, ndugu yangu, na safari hii usiniambie ulikuwa na haraka.

Kila kitu kiko sawa peke yake, ukiweka biti sauti inapotea: biti yenyewe imeshabanwa mpaka mwisho, hasa zile za kushusha mtandaoni. Ishushe biti 4 au 6 dB, vokali usiiguse, kisha skiza tena. Ukubwa wa wimbo mzima utaongezwa wakati wa masta, ile kazi ya mwisho ya kuukamilisha wimbo, kwa hivyo ukimpelekea mtu wa masta mtumie WAV ya 24 biti, bila limita (plagini ya kuzuia vilele), vilele vikiwa chini ya -3 dB.